Siku nne Prague na Vienna na baba watoto: basi zuri, hoteli mbali

Watoto tuliwaacha kwa shangazi yao, tukapanda basi Leipzig, Ujerumani, saa kumi na mbili asubuhi, wawili tu kwa mara ya kwanza tangu kifungua mimba wetu azaliwe. Tulilipa yuro 329 kila mmoja: kulala siku mbili Prague, moja Vienna, chai ya asubuhi na mwongoza watalii humo humo. Kampuni siitaji, maana vifurushi vya namna hii vimejaa na vinafanana.

Basi sina neno. Viti vipana, choo safi, dereva mstaarabu.

Hoteli sasa. Tangazo lilisema "karibu na mji mkongwe". Karibu yenyewe ni dakika 35 kwenye tramu, halafu unaburuta begi kupanda kilima. Chumba kilikuwa kisafi, ila kile kitanda cha watu wawili kumbe ni vitanda viwili vilivyosogezwa pamoja. Usiku wa manane vikaachana, baba watoto akadidimia katikati. Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Kilichoniudhi zaidi ni mbio. Kwenye uwanja wa mji mkongwe wa Prague tulipewa dakika ishirini. Pale kuna saa kubwa ya ukutani ya mwaka 1410, na kila saa kamili umati unainua simu: mifupa ya mtu inavuta kamba ya kengele, mitume wanapita dirishani, jogoo wa dhahabu anawika, kwisha. Dakika haifiki. "Ndiyo hii tu?" akauliza baba watoto, na mwongozaji alishainua mwavuli wake, twendeni.

Jioni tukarudi wenyewe. Tukaitazama vizuri, nikasoma maelezo kwenye simu, nikamshika baba watoto mkono. Ile pete ya nje, nyeusi yenye tarakimu za dhahabu za kizamani, inahesabu saa kuanzia jua linapotua. 24 ndiyo magharibi yenyewe. Mkono wa saa ukifika 1, imeshapita saa moja tangu jua lizame. Na kwa kuwa jua halitui wakati mmoja mwaka mzima, pete inasogea kulifuata. Tulikuwa mwezi wa kumi, jua linatua kwenye saa kumi na mbili na kitu, kwa hiyo 1 ya pale ilikuwa karibu kabisa na saa moja usiku ya Tanga. Baba watoto, ambaye miaka yote Wajerumani wanamcheka kwa kuchanganya saa za miadi, alisimama pale nusu saa nzima. "Kumbe hawa nao walikuwa wanaanza siku magharibi kama sisi!" Akapiga picha kumi na moja za pete ile ile.

Daraja la Charles, lililoanza kujengwa 1357, msiliendee mchana, ni kusukumana mabega. Sisi tulikwenda saa moja asubuhi, giza halijaisha. Lina sanamu 30. Kwenye ile ya Jan Nepomuk, padri aliyetoswa mtoni mwaka 1393, shaba imeng'aa mahali watu wanaposhika kutafuta bahati. Mimi nilipita. Mwenzangu alishika kwa mikono miwili.

Vienna tulipewa nusu siku. Kasri la Schönbrunn lina vyumba 1,441, sisi tukaona bustani kwa dakika 40, kuingia ndani ni malipo ya ziada ambayo hayakutajwa mapema. Tukatoroka kundi. Nikapanda ngazi 343 za mnara wa kanisa la Stephansdom, magoti yakalia, kisha tukaingia mkahawani. Kahawa inaletwa kwenye sinia dogo la kung'aa na glasi ya maji pembeni, na hakuna anayekufukuza. Kikombe kimoja tulikaa nacho saa moja na nusu, tukaongea mambo ambayo nyumbani hatupati nafasi ya kuyaongea.

Kwa wanaopanga: Prague wanatumia koruna, lipeni kwa kadi, msibadilishe hela kwa watu wa barabarani. Mnaotoka nyumbani, viza moja ya Schengen inatosha nchi zote mbili, Czech na Austria.

Nimewapa nyota tatu kati ya tano, mbili ni za dereva. Mwezi wa tano tunarudi kwa treni, Prague hadi Vienna ni kama saa nne, na hoteli safari hii nimeitafuta mwenyewe huku ramani iko wazi. Kitanda kimoja, nimeuliza.