Koleo refu la kulishia nyoka na ndoano yake: miezi 8 na chatu mwoga

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya raba za kwenye ncha na kile kifungo cha mpini, ntaeleza huko chini na naomba sana hiyo sehemu uisome hata kama mengine utayaruka, maana inahusu usalama wa nyoka wako.

Nina chatu mpira, wale wafupi wanene ambao wakiogopa wanajiviringa hadi wanakuwa duara na kichwa wanakificha katikati. Asili yao Afrika Magharibi na ya Kati, porini mchana wanalala kwenye mashimo yaliyochimbwa na wanyama wengine, usiku ndo wanatoka. Wangu anaitwa Kito. Nilimchukua kwa mtu aliyeshindwa kumfuga na alikuja na woga wake wote, yaani ukigusa tu mfuniko wa tanki anavuta shingo nyuma inajikunja kama herufi S, anapumua kwa nguvu hadi unasikia, na chakula aligoma wiki sita. Nilikuwa namlisha kwa kikoleo kifupi cha jikoni na nikang'atwa mara mbili. Kusema kweli haiumi sana, ni kama kuchomwa na miiba midogo midogo mingi kwa pamoja, kinachouma ni kwamba ye ndo aliogopa kuliko mimi, baada ya kuning'ata mara ya pili hakutoka mafichoni siku nne.

Nilichokuja kuelewa ni kwamba hakuwa mkali hata kidogo. Chatu hawa wana vitundu kwenye mdomo wa juu ambavyo vinahisi joto, sasa fikiria chumba kina giza, harufu ya panya imeshajaa kwenye tanki, halafu sentimita 15 kutoka kwenye huyo panya kuna mkono wako wenye joto na unatikisika. Atarukia nini? Atarukia kile chenye joto na kinachosogea, na ukikaribia namna hiyo kila wiki anajifunza kwamba mkono ukiingia huenda ni chakula na huenda ni adui, hajui ni kipi, ndo maana anaishi na wasiwasi kila mfuniko ukifunguka. Hapo ndipo nikaitafuta hii seti.

Inakuja na vitu viwili: koleo la chuma kisichoshika kutu, urefu sentimita 60, mpini kama wa mkasi na ncha zimevalishwa raba, pamoja na ndoano nyembamba yenye mpini wa kuvuta na kurudisha. Kuna na karatasi ya maelekezo, hiyo nitaisema baadae.

Koleo kwanza. Urefu huo ndo thamani yake yote. Mkono unabaki nje kabisa ya tanki, unashika panya kiunoni kichwa kikiwa kimeelekea kwa nyoka, unamleta taratibu kutoka PEMBENI, sio kutoka juu (vinavyowajia nyoka kutoka juu porini ni ndege wanaowala) na wala humsukumii usoni. Mimi namsogeza kidogo halafu namvuta nyuma kidogo kama panya anayetaka kuondoka, nasubiri ulimi. Ulimi ukianza kutoka na kurudi haraka haraka na kichwa kikifuata, tulia, usitikise zaidi, atakuja mwenyewe. Siku ya kwanza na hili koleo Kito alikaa dakika kama 12 anaangalia tu, mi mkono umeshachoka, halafu akadaka. Wiki sita za kugoma zikaishia pale, nilikaa sakafuni nikamwangalia anameza hadi mkia wa panya ukapotea na sijui kama nimewahi kufurahi hivyo kwa sababu ya mnyama kula.

Lakini koleo peke yake halifanyi kazi kama panya hajaandaliwa. Namtoa friza jana yake anayeyuka kwenye friji, halafu anakaa kwenye mfuko wa plastiki ndani ya maji ya moto kiasi mpaka awe na joto kama la mwili, nyuzi 37 au 38 hivi, kichwa nakiongezea joto kidogo mwishoni maana ndo sehemu anayoilenga. Maikrowevu usithubutu, anaiva sehemu nyingine na kupasuka huku ndani bado barafu. Mfute akauke la sivyo takataka za chini ya tanki zinamganda mwilini. Panya hai mimi simpi, panya akijitetea anaweza kumng'ata nyoka vibaya sana, na kwa nyoka mwoga ndo unamaliza kabisa hamu yake ya kula. Ukubwa, asizidi unene wa nyoka pale alipo mnene zaidi. Kito ana gramu 640 na nampa panya wa gramu 50 hivi kila baada ya siku 10 hadi 14. Asipochukua ndani ya dakika 20 namwacha panya mlangoni pa maficho usiku kucha nazima taa, asubuhi akimkuta pale pale namtupa, simrudishi friza, na sijaribu tena mpaka wiki ipite. Kumletea kila siku ndo kumkomesha. Chatu mpira mkubwa mwenye afya anaweza kukaa hata miezi bila kula, cha kuangalia ni mizani, uzito ukishuka sana au akawa anapumua mdomo wazi hapo sio suala la koleo tena, mpeleke kwa daktari wa wanyama anayejua reptilia.

Sasa ndoano, na hapa nadhani watu wengi hawajui wamenunua nini. Kwenye boksi kuna picha ya mtu amemning'iniza nyoka kwenye ndoano hewani. Kwa chatu mpira USIFANYE hivyo, ni mzito na mwili wake wote unaning'inia juu ya uzi mmoja wa chuma unaobonyeza mbavu. Kazi ya hii ndoano kwangu ni moja tu: kumwambia Kito kwamba leo sio chakula. Kabla ya kuingiza mkono namgusa nayo mwilini polepole, kama kumpapasa, mara mbili tatu. Nikimgusa na ndoano anajua anatolewa. Siku ya kula ndoano haionekani kabisa, linaonekana koleo tu. Ilichukua kama miezi miwili hivi kutofautisha lakini saivi nikimgusa ile shingo ya S inalegea, unaiona kabisa inashuka, ndipo naingiza mkono kutoka pembeni, nashika katikati ya mwili na mkono wa pili unabeba nyuma, bila kukaba na bila kushika kichwa. Tulianza dakika tano mara mbili kwa wiki, saivi tunafika 15 anatembea mwenyewe kutoka mkono hadi mkono. Baada ya kula simgusi saa 48 kamili, ukimsumbua anaweza kutapika na akitapika tumbo linahitaji kama wiki mbili kupumzika kabla ya kumlisha tena. Macho yakiwa na ukungu wa bluu anakaribia kujivua ngozi, haoni vizuri, namwacha pia. Mikono naosha kwa sabuni kabla na baada, kabla ili nisinukie chakula na baada kwa sababu reptilia wanaweza kubeba salmonela, bakteria wanaoumiza tumbo la binadamu.

Matatizo sasa. La kwanza, kifungo cha mpini. Mpini una meno ya kujifunga, ukibana unabaki umebana, wameweka hivyo ili usichoke nadhani. Siku Kito alipodaka kwa nguvu mi nikasahau kukifungua, akajiviringa kwenye panya na koleo pamoja, nikawa nahangaika kulitoa na yeye anabana zaidi, mwishowe akaachia panya akakimbilia mafichoni na hakula wiki tatu. Akidaka unatakiwa uachie muda huo huo, usivute hata kidogo. Nimechukua tupa nikasaga yale meno yote, saivi linafunguka lenyewe nikilegeza vidole, na naona hivyo ndivyo lingetoka kiwandani.

La pili ndo baya zaidi. Raba za ncha ni za kuvalishwa tu, hazijagundishwa. Mimi baada ya kulisha nasafisha koleo kwa maji ya moto na ndani ya miezi mitatu raba zikalegea, siku moja namaliza kulisha naangalia koleo, ncha moja ni chuma kitupu. Nilimtazama Kito na lile bonge tumboni nikahisi mwili umekufa ganzi, maana nyoka akimeza kipande cha raba hawezi kukisaga na kinaweza kuziba utumbo. Nilipekua takataka za tanki kwa taa ya simu karibu saa nzima na nikaikuta chini ya bakuli la maji. Tangu hapo nazivuta kwa kidole kabla ya KILA mlo na hizi mpya nimezibana kwa kuzizungushia uzi imara nyuma kabisa, mbali na panya. Usizitoe ukatumia chuma kitupu, zile ncha zina meno na nyoka akikosea shabaha anaumia mdomo.

La tatu dogo, ile karatasi. Inasema umtoe nyoka umlishe kwenye boksi lingine ili asizoee kung'ata ndani ya tanki. Kwa nyoka mwoga ushauri huo unaharibu, unamtoa anapojisikia salama, unampeleka pasipo na maficho unategemea ale, halafu umnyanyue tumbo likiwa limejaa. Mlishe humo humo. Na kabla hata ya kununua chochote hakikisha ana maficho mawili ya kumbana mwili, moja upande wa joto na moja upande wa baridi, upande wa joto nyuzi 31 hadi 33 unaosimamiwa na thamostati (kifaa cha kudhibiti joto). Nilirekebisha hayo wiki ileile seti ilipofika kwa hiyo sitaki koleo lichukue sifa zote.

Kwa wanaofuga nyoka wakubwa zaidi ya chatu mpira, sentimita 60 naona ni fupi, tafuta refu zaidi. Na ndoano inauzwa peke yake pia, kama koleo unalo tayari chukua hiyo tu.