Jino zima, jipu kubwa: kliniki ya meno niliyoapa sirudi

Nianze na haki yao: sindano ya ganzi walichoma vizuri, mtoto hakutoa hata chozi. Basi, sifa zimeishia hapo.

Mwanangu ana miaka minne. Miezi michache nyuma alivimba ufizi juu ya jino la mbele, ukaanza kutoa usaha. Jino lenyewe jeupe, halina tundu hata la ncha ya sindano. Nikapanda kifodi alfajiri kutoka Ngaramtoni, nikakaa foleni mpaka saa sita. Daktari hajamchungulia mtoto vizuri, keshanigeukia mimi: "Mama, pipi na soda mnawapa wenyewe, halafu mnatuletea sisi." Mlango wazi, watu kwenye benchi wanasikia. Pipi gani? Nikamwambia hili ni la pili, na la kwanza nalo lilikuwa zima. Akasema basi ni maji ya Arusha.

Jamani! Mimi nimekulia chini ya Meru, meno yangu yenyewe yana rangi ya chai ya mkandaa. Floraidi, yale madini ya kwenye maji yetu, naijua, na ile ya kwenye magadi ya makande naijua pia. Inatia meno madoa, ikizidi sana inaingia hadi mifupani. Lakini usaha kwenye jino lisilooza?

Kung'oa aling'oa. Miguu hakuitazama. Mtoto ana matege tangu aanze kusimama, kaingia mle ndani anayumba kama bata, na mtu aliyesoma hakuona kitu!

Daktari wa watoto wa Moshi ndiye aliyeanza na miguu kabla ya mdomo. Damu ikapimwa: fosfeti, madini yanayojenga mifupa na meno, iko chini, figo zinaimwaga kwenye mkojo. Alinichorea nyuma ya bahasha. Watoto wenye tatizo hili jino linajengeka na madini pungufu, nafasi ya neva ndani ni pana mno, na nje kuna nyufa zisizoonekana kwa macho. Bakteria wanapita humo humo, jino halijaoza. Sasa anakunywa fosfeti mara kadhaa kwa siku, pamoja na vitamini D ile ambayo mwili hauhitaji kuibadilisha kwanza.

Nilikaa kuandika kwamba msikanyage pale. Ila juzi ufizi umevimba tena, upande wa chini, na mtoto kaniuliza kama tunaenda kwa yule daktari asiyeumiza. Nimjibu nini? Kesho narudi, majibu ya damu nimeyaweka juu kabisa kwenye mkoba. Anitajie pipi tena.