Katuni ya mtandaoni: kusoma kila wiki au kungoja msimu uishe?
Barazani Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, ubishi wetu wa baada ya Alasiri siku hizi ni mmoja: yule mvaa barakoa wa katuni tunayoisoma, aliyemwokoa binti kisha akamwibia barua, ni adui au mlinzi? Na ndani yake mna ubishi wa pili: nani hubashiri vyema, anayesoma kila wiki au anayengoja msimu uishe?

Kwa utamu, msomaji wa kila wiki hana mpinzani. Siku saba za kungoja ndizo zinazopika dhana. Juzi tulikuza picha moja kwa vidole mpaka tukaona pete ya yule mtu iko mkono wa kushoto. Sura za mwanzo ilikuwa kulia. Kahawa ikapoa. Mimi nasema ni watu wawili. Mwenzangu asema mchoraji kakosea tu. Michoro ya kila wiki huchorwa mbio, kwa hiyo hoja yake si ya kutupwa.

Kwa kushika dalili, anayengoja hushinda: afikapo sura ya 40, barua ya sura ya 3 ingali kichwani. Ila azibe masikio, maana barazani hapa siri haikai.

Gharama? Programu nyingi za katuni huuza sura za mbele kwa sarafu, yaani pesa za ndani ya programu. Mwenye subira mara nyingi huzisoma bure, tena penye waifai.

Una wa kubishana nao? Soma kila wiki. Uko baharini juma zima? Ngoja. Mimi sarafu zimeniishia, na pete ile bado yaninyima usingizi.