Pilipili ya Kuchachusha au ya Kupika kwa Ukwaju
Anayetaka chupa mbili tatu za pilipili nyumbani hapa Lamu anaweza kuipika kwa ukwaju na siki, ikawa tayari kwa nusu saa na kufaa sana kwa viazi karai. Ya kuchachusha hudai subira: gramu 25 za chumvi kwa kilo moja ya pilipili mbuzi zilizosagwa, kisha siku 7 hivi katika chupa isiyokazwa kifuniko, ambamo, kwa joto letu la pwani, mapovu madogo huanza kupanda mapema. Mimi naipendelea hii, kwani harufu ya pilipili mbuzi, ambayo moto huipunguza, hubaki. Ikiota ukungu wenye manyoya, imwagwe yote.