Tochi ya Kichwani Iliyoniacha Gizani Mlima Meru: Swichi Hii Hapana Jamani

Haya ndugu zangu, karibuni tena. Leo salamu ni fupi maana nina jambo limenikaa rohoni wiki nzima. Mnaiona hii? Tochi ya kichwani. Nilinunua mbili za aina moja, yangu na ya mdogo wangu, shilingi 65,000 kila moja, hela yangu mwenyewe. Hakuna aliyenipa, hakuna aliyenilipa niisifie wala niiponde. Jina nimelibandika plasta, kwa sababu swichi ya namna hii iko kwenye tochi nyingi tu madukani, na sitaki mkwepe jina moja mkaangukie jingine lenye ugonjwa ule ule.

Kabla sijaendelea, mdogo wangu njoo hapa. Tazameni, yako naizima. Imezima, wote mmeona? Naiweka mfuko wa juu wa begi, na kikombe changu cha bati, na glavu, na pakiti ya karanga, vile vile ninavyopanga nikienda mlimani. Nafunga zipu. Haya, vaa begi, shuka nalo mpaka kijiwe cha bodaboda, kisha urudi. Usilifungue njiani. Sisi tutaendelea, akirudi tutaona.

Uzito wake, lumeni 350 (yaani wingi wa mwanga), chaji ya USB, hayo mnayajua, yameandikwa kwenye boksi. Mimi nataka kuongelea kitu kimoja tu: hiki kitufe.

Niwaambie kilichonikuta. Mlima Meru, mita 4,566. Wanaoufahamu wanajua: unaanzia geti la Momella, unatembea na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa sababu kule chini nyati na tembo wako njiani kabisa, unalala Miriakamba, siku ya pili unalala Saddle, mita 3,570. Tochi nilitoka nayo nyumbani imejaa, vinukta vyote 4 vinawaka. Miriakamba nikaiwasha dakika chache kwenda chooni, nzuri kabisa, nikairudisha mfuko wa juu. Kesho yake tumetembea, jioni tukapanda Meru Ndogo, tukashuka, tukala, tukalala.

Saa 7 usiku tunaamshwa. Nimevaa suruali 2, jaketi, kofia, nimefunga viatu, nabonyeza kitufe. Ikapepesa nyekundu mara 3, ikafa. Nikabonyeza tena. Kimya. Ilikuwa imewaka ndani ya begi siku nzima, inaangazia karanga.

Usiku ule mwezi haukuwepo, na mbele yetu karibu mita 1,000 za kupanda. Nikasema nitumie tochi ya simu. Simu unaishika kwa mkono, na mkono huo ndio wenye fimbo, na baridi ile ilishusha chaji kutoka asilimia 60 mpaka 20 kabla hata hatujafika Rhino Point. Muongozaji wetu akaniweka katikati, yeye mbele, mwenzangu nyuma.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri, maana watu husema "si utatumia mwanga wa wenzio." Taa ikiwa nyuma yako, kivuli chako mwenyewe kinaanguka pale pale unapotaka kukanyaga. Unainua mguu kuelekea weusi. Ni shimo? Ni jiwe? Hujui mpaka uguse. Na yule wa mbele akigeuka kukuangalia, mwanga wake unakupiga machoni, dakika nzima baadaye huoni kitu. Tulipopita ule ukingo, upande mmoja kreta, upande mwingine mteremko wa majivu, nilikuwa natembea kwa kupapasa. Nilitetemeka, na haikuwa baridi. Namshukuru sana mama mmoja wa kikundi kingine, alinikopesha tochi yake ya akiba tulipopumzika. Mungu ambariki popote alipo.

Kaka, sogeza kamera hapa. Karibu zaidi. Hapo.

Mnaona kitufe kilivyochomoza? Kama punje ya hindi imebandikwa juu ya tochi. Hakina ukingo wa kukikinga, hakijazama ndani. Sasa nachukua kijiko. Sibonyezi, nakiweka tu, nakiachia uzito wake… hakijawaka. Sawa, niwe mkweli. Nakisukuma kidogo kwa kidole kimoja… tiki. Umewaka. Mkali kabisa. Tena: mwanga wa kati. Tena: hafifu. Tena: mwekundu. Tena: imezima. Kwa hiyo hicho kikombe cha bati kikiigusa mara 5 begini, utaikuta imezima na utadhani mambo yako salama.

Nijaribu na glavu. Naikunja glavu ndani ya kiganja, tochi katikati, nabana kama begi linavyobana ukilikalia. Moja… imewaka. Hata hesabu ya 2 sijafika! Turudie, isije ikawa bahati. Bana. Imewaka. Geuza, kitufe kiangalie chini. Bana. Hapo haijawaka. Bana tena… imewaka. Mara 3 kati ya 4, kwa glavu ya sufi ndugu zangu, si jiwe.

Tafuta namna ya kuifunga sasa. Nabonyeza kitufe kwa muda mrefu. Sekunde 3, 4, 5… inaenda kupepesa, ile ya dharura. Nabonyeza mara 2 haraka: inabadilisha mwanga. Nimesoma karatasi ya maelezo mbele na nyuma. Kufuli hakuna. Mtu kakaa ofisini akafikiria mwanga mwekundu, akafikiria kupepesa kwa dharura, akafikiria kifuko cha kuhifadhia, lakini kwamba tochi itasafiri ndani ya begi hakufikiria.

Linganisha na hii. Hii ni Black Diamond Spot 400, nimeazima kwa rafiki yangu. Nabonyeza na kushikilia… imejifunga. Sasa bonyeza unavyotaka, glavu, kijiko, kikombe, haiwaki. Hata Nitecore NU25, katochi kadogo kuliko yai, kana kufuli. Ni jambo la programu tu, halimwongezei mtengenezaji hata shilingi ya plastiki. Ndiyo maana linaniuma.

Bei? Tuseme ukweli, hizo si za 65,000. Petzl Actik Core, ya Wafaransa, ukiiagiza na kulipia usafiri unaingia laki 2 na kuendelea. Lakini ile ina kitu nakipenda: ukiishiwa na betri yake ya kuchaji, unaitoa, unaweka betri 3 za AAA za dukani, safari inaendelea. Hii yangu betri imezikwa ndani, ikifa imekufa mpaka upate umeme. Pale Saddle hata pawabenki inakutaka ukae kuisubiri, na kilele hakikusubiri.

Ila sitaki kuidhulumu. Mwanga wake? Mzuri mno. Nimeshika tochi nyingi, hii inatandaza mwanga laini, hauna ile duara kali katikati inayokuumiza kichwa ukitembea kwa muda wa saa 5. Mkanda wake haujateleza juu ya kilemba wala juu ya kofia, na nina nywele nyingi. Shingo yake inainama bila kulegea. Nikiwa jikoni umeme umekatika, ndiyo naifuata kwanza. Wangeweka kufuli, ningewaambia nunueni leo. Karibu niseme nunueni hivi hivi… hapana. Nikikumbuka ule ukingo, hapana.

Na boksi nalo. Limeandikwa saa 100. Watu wengi tunanunua kwa namba hiyo. Hapo pana alama ya FL1, hicho ni kipimo cha Wamarekani kinachotumika kwa tochi. Kwa kipimo hicho, saa zinahesabiwa mpaka mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Na hizo saa 100 ni za mwanga hafifu, siyo wa lumeni 350. Hata ule mkali, saa zake zinahesabiwa mpaka ubakiwe na lumeni 35. Si uongo, ndivyo kipimo kilivyo, ila muuzaji hakuelezi. Uliza mwanga wa kati unakaa saa ngapi, maana huo ndio utakaotembea nao kutoka saa 7 usiku mpaka kuche.

Baridi nayo inakula betri. Nilipopata ile ya kuazima nikajua kosa langu la pili: tochi nilikuwa nimeiacha begini mlangoni mwa chumba, badala ya kulala nayo kwenye slipingi begi pamoja na simu. Zile AAA za alkali za kawaida ndizo zinazoteseka zaidi kwenye baridi. Ukitumia AAA, tafuta za lithiamu, zile za kutupa, baridi ya milima yetu haizisumbui.

Kuna ndugu yetu wa Nanyuki ameuliza kwenye video iliyopita, anapanda Mlima Kenya, Point Lenana, mita 4,985, na tayari kanunua tochi ya aina hii hii. Afanyeje? Ndugu yangu, usiitupe. Chukua kopo tupu la mafuta ya mgando, lile dogo gumu, lioshe, tochi inaingia humo, kifuniko unakikaza. Nimelifanyia majaribio siku 3, haijawaka hata mara moja. Siyo kile kifuko cha kitambaa walichokupa, kile hakizuii kitu. Kama tochi yako ni ya betri za kutoa, geuza betri moja kichwa chini, au weka kipande cha karatasi kati ya betri na kile kibati, umeme haupiti. Na beba ya pili. Hata ile ndogo ya 10,000. Iweke mfuko wa suruali, siyo kwenye begi analobeba mpagazi, maana mpagazi atakuwa ameshuka zamani na wewe uko juu.

La chaneli: tumevuka watu 10,000, asanteni sana, nimelia kweli siku ile. Video za Jumanne zinarudi, na jaketi la mvua mlilolisubiri nitalipeleka Uluguru, mvua ya kule haina mchezo. Kama hujajiunga, jiunge, gonga na kengele.

Huyooo, anarudi. Dakika ngapi? 14. Pole kwa jua. Ulilifungua? Hujalifungua. Ulikimbia? Ulitembea tu, sawa. Weka hapa mezani, kaka kamera ishuke.

Zipu… karanga… glavu… haya.

Imezima.

Mmeona, nami nimeona, sifichi, imezima. Ngoja kwanza, niishike… Kaka, acha kamera juu ya meza, njoo weka kidole hapa kwenye kioo. Ehee. Mwambie anayetazama.

"Ya moto."

Ya moto! Ilipoingia begini ilikuwa baridi, na huyu alitembea tu kwenda kijiweni na kurudi.