Uzoefu wangu: potifolio ya kidijitali kwenye BTP (mazoezi ya kufundisha), Moshi

Mimi ni mwanachuo wa ualimu hapa Moshi, BTP nimefanyia shule ya msingi kule Kibosho, na wiki zote 8 potifolio yangu, yani mkusanyiko wa kazi zangu za mazoezi, nimeitunza Google Drive badala ya lile faili la makaratasi, maana BTP iliyopita mvua za mwezi wa nne zilinikuta juu ya bodaboda maandalio yote ya somo yakalowa, nilikaa naanika karatasi kitandani.

Nimepanga folda kwa kila wiki, humo kuna azimio la kazi (mpango wa mada za kufundisha), maandalio, picha za zana, maoni ya mkufunzi na video fupi. Nafasi ya bure ni GB 15 ila inachangia na barua pepe na picha zako, kwa hiyo video nakata dakika 5 tu za muhimu na napandisha usiku nikishuka mjini, kule juu mtandao ulinitesa.

Sasa video ndo imenibadilisha. Ile ya wiki ya 2, sayansi darasa la 5, nauliza swali hata sijameza mate nishamtaja mtoto, na ni walewale wa dawati la mbele, wa nyuma sijawagusa kipindi kizima! Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe, miaka ya 1970, alikuta walimu wengi wakiuliza swali wanasubiri kama sekunde 1 tu, wakivumilia hadi 3 majibu yanakuwa marefu na watoto wengi zaidi wanajitokeza. Hilo nilishalisoma chuoni na mtihani nikajibu, lakini kujiona mwenyewe ni kitu kingine asee. Wiki ya 6 nikauliza nikawa nahesabu kimoyomoyo, mtoto wa nyuma kabisa ambae hajawahi kunyoosha mkono akaeleza kwa nini maji ya mtungi yanapoa kuliko ya ndoo, yani kile kipande nimekirudia sijui mara ngapi, na tafakuri ya somo hilo, yani nilichojifunza, niliandika jioni ileile.

Ila watoto tuwalinde jamani, sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 ipo. Ongea na mwalimu mkuu na wazazi kwanza, simu ielekeze kwako, na folda usiiachie kila mwenye linki.

Kilichoniuma, mkaguzi wa mwisho hakufungua linki hata moja, alitaka makaratasi, nikashuka stationery kuprinti usiku. Kwa hiyo maandalio printi kabisa mapema, video na tafakuri ziache kwenye simu, muombe akae na wewe hata dakika 5 mtazame pamoja.