Apu ya kumtumia hela mfungwa: nyota mbili, na hizo mbili ni za risiti

Naitumia hii apu mwaka wa tatu sasa kumtumia hela mdogo wangu, yuko ndani huku Marekani, gereza la jimbo, na jina la kampuni silitaji maana hata ukilijua huna apu nyingine ya kukimbilia, gereza likishaingia nao mkataba ndo hao hao. Hela inafika, hilo siwanyimi, mara nyingi siku hiyo hiyo. Ila makato jamani! Natuma dola 50 nakatwa karibu 6 juu yake, ukituma 20 makato yanashuka kidogo tu, kwa hiyo mwenye kutuma kidogo kidogo ndo anaumia.

Sasa kilichonileta. Mdogo wangu alifungua kesi mahakama ya shirikisho kuhusu matibabu, hela ya kufungulia hana, jaji akamruhusu aanze hivyo hivyo. Mi nikajua kasamehewa ada. Wapi! Sheria yao ya 1996 inamtaka mfungwa alipe ada yote, dola 350, kwa kukatwa asilimia 20 ya kinachoingia kwenye akaunti yake kila mwezi, salio likivuka dola 10 tu wanachota. Ukiwa na kesi mbili ni asilimia 20 kwa kila moja, yaani 40, Mahakama ya Juu ilishaamua hivyo 2016. Kumbe hela ya sabuni na tambi nilikuwa nalipia kesi bila kujua, na apu haisemi hata mstari mmoja, inakuandikia "imepokelewa" basi.

Ile 350 ikaisha kulipwa, gereza linaendelea kukata tu. Miezi mitatu! Nikapiga huduma kwa wateja, dada kanijibu kwa upole kabisa kwamba kazi yao ni kufikisha, ikishaingia gerezani hawaioni tena. Sawa dada, ila si mngeandika mahali?

Na kudai nako ni safari. Huwezi kuruka moja kwa moja mahakama ya shirikisho, lazima kwanza ajaze fomu ya malalamiko humo humo gerezani ndani ya siku walizoweka, akichelewa imekula kwake. Halafu kuna ile kesi ya 1981 ya mfungwa wa Nebraska aliyepotezewa vifaa vyake vya dola 23.50, Mahakama ya Juu ikamwambia kama jimbo lina njia yake ya kukulipa, pitia huko. Kwa hiyo kwa hela ndogo kama zetu, fomu za gereza ndo kila kitu.

Hapo sasa ndo apu ikajiokoa. Historia ya miamala iko yote, tarehe na kiasi, nikapakua ya miaka yote nikaprinti nikamtumia kwa posta, akaweka sambamba na taarifa ya akaunti yake, makato ya ziada yakaonekana wazi. Fomu ya kwanza wakakataa, kwenye rufaa wakarudisha dola 34, barua mistari miwili, pole hamna.

Siku hizi hela kubwa natuma kwa mani oda, gereza lake linapokea bila makato japo inachelewa kama wiki, apu nimebakiza ya dharura. Zile 34 karibu zote kanunulia stempu, anasema kesi ya matibabu bado mbichi.